Diski imegoma: programu, nakala, fundi au maabara?

Wiki moja nililetewa diski mbili hapa Morogoro, zimepishana siku mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa sekondari, GB 500, imetolewa kwenye laptopu iliyokuwa ikichukua dakika ishirini kuwaka. Ya pili ilikuwa ya kijana anayepiga picha za harusi: eksteno, yaani diski ya nje, ya TB 1 iliyoanguka kutoka kwenye meza ya ukumbini huku inafanya kazi. Wote wawili walisema maneno yale yale: "Diski imekufa, nisaidie kuokoa vitu vyangu." Na wote wawili walikuwa wameshapewa ushauri ule ule na watu wenye nia njema, kwamba wapakue programu ya kurejesha mafaili na waiache iskani usiku kucha.

Kwa mwalimu, ushauri ule ungempotezea muda na pengine nusu ya kazi zake. Kwa mpiga picha ungemmalizia kila kitu. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na swali la programu ipi ni bora, ingawa najua wengi mmelijia hilo. Unaanza na diski yenyewe: inaumwa nini, na imebakiwa na pumzi kiasi gani. Njia zote nitakazozitaja ni nzuri mahali pake, na karibu zote zinaweza kuua diski zikitumika mahali pa mwenzake.

Sikiliza kwanza

Tafuta chumba kimya, zima feni, laza diski mezani, weka kidole juu yake na sikio karibu, kisha ichomeke. Sekunde kumi na tano zinatosha.

Ikizunguka kwa mvumo laini, na kompyuta ikaitambua kwa jina na ukubwa wake sahihi, una matumaini makubwa hata kama Windows inakwambia diski inahitaji kuformatiwa kabla ya kutumika. Usikubali kuiformati. Ujumbe ule maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa mafaili; mafaili yenyewe kwa kawaida bado yapo. Kazi hii inafanyika nyumbani.

Ikizunguka kisha ikatoa tak, tak, tak kwa mapigo yanayolingana, halafu ikanyamaza, mara nyingi vichwa vya kusomea vimeumia. Chomoa. Ikitoa mlio mwembamba wa kukatika-katika bila kuzunguka, ama mota imekwama ama vichwa vimeng'ang'ania juu ya sahani, zile zinazozunguka zikiwa zimebeba data. Chomoa pia. Na ikiwa kimya kabisa, hata kidole hakihisi mtetemo, tatizo linaweza kuwa kebo, kasha, chaja au bodi ya umeme ya diski, na hapo yapo mambo mepesi ya kujaribu kabla ya kukata tamaa.

Naomba nieleze kwa nini nasisitiza kuchomoa, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza data ambazo zingeokolewa. Diski ndogo ya laptopu mara nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ukingo wa sahani yake unakimbia kama kilomita 65 kwa saa, mwendo wa daladala kwenye barabara iliyonyooka. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani hiyo kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kilichopinda kikigusa sahani kwa kasi ile, kinakwangua utando wa sumaku, na utando huo ndio data zenyewe. Unga unaokwanguliwa unasambaa ndani ya diski na kwenda kukwangua kwingine. Sahani ikishalika hivyo, pale palipolika hakuna maabara yoyote duniani itakayopasoma.

Eksteno ya mpiga picha ilitoa tak-tak. Niliichomoa kabla hata sijahesabu mapigo kumi. "Kaka, hata mara moja tena huwezi kujaribu?" aliniuliza. Nikamuuliza yeye ameijaribu mara ngapi nyumbani. Akafikiri kidogo, akasema labda mara thelathini, pamoja na kwenye kompyuta ya rafiki yake. Nitairudia habari ya diski hii mwishoni.

Ya mwalimu ilivuma vizuri. Niliifungua kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski inajiwekea yenyewe. Mistari ya kuangalia ni minne. 05 ni sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo ambamo diski huhifadhi data) ambazo diski imeshazihamisha. C5 ni sekta zilizokataa kusomeka na zinasubiri uamuzi. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi dawa yake ni kubadili kebo tu. Jihadhari na jambo moja linalowapoteza wengi: kwa kawaida programu hii huonyesha namba hizo kwa mfumo wa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Kwenye C5 ya mwalimu pameandikwa 1A8, ambayo ni sekta 424. Rangi ilikuwa ya njano. Diski ya namna hiyo inatembea, lakini imechoka, na kila saa ya kuisumbua inaitoa kwenye akiba yake.

Programu juu ya diski yenyewe, au nakala kwanza?

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kwa mtu aliye nyumbani, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Njia ya kwanza inajulikana na kila mtu. Unachomeka diski, unafungua Recuva au DMDE au nyingine unayoipenda, unaskani, unachagua mafaili, unayahifadhi kwingine. Kwa diski nzima kiafya hii ndiyo njia sahihi. Umefuta folda kwa bahati mbaya, mtoto ameformati eksteno, umeme umekatika katikati ya kunakili na sasa diski haifunguki: nenda moja kwa moja na programu, huna haja ya mzunguko mrefu. Masharti ni mawili, na hayana msamaha. Usisakinishe programu kwenye diski ile ile unayotaka kuiokoa, na usihifadhi kilichookolewa kwenye diski ile ile. Faili lililofutwa bado liko pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na hicho kitu kingine kinaweza kuwa ile programu uliyokuja nayo kuokoa.

Lakini diski inayoumwa ni habari nyingine. Programu hizi kwa kawaida huskani diski yote kwanza ili kujenga orodha, halafu zinasoma tena mara ya pili wakati wa kuhifadhi. Yaani unamtembeza mgonjwa safari mbili. Zikifika kwenye sekta mbovu, diski yenyewe inarudia kusoma mara nyingi, Windows nayo inarudia, na wewe unaona saa zilizobaki zinapanda badala ya kushuka. Wakati huo wote sehemu za diski zenye afya, pengine asilimia tisini na tano ya kila kitu, zinasubiri zamu nyuma ya sekta chache zilizokwama. Diski ikikata roho katikati ya skani, unabaki na orodha ya majina bila faili hata moja mkononi.

Njia ya pili ni kuchukua nakala ya diski nzima kwanza, sekta kwa sekta, kisha kuiacha diski ipumzike na kufanya utafutaji wote kwenye nakala. Kwa kazi hiyo chombo ninachokiamini ni GNU ddrescue, cha bure, kilichoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Kinafanya kazi kama mtu anayetoa vyombo kwenye nyumba inayoungua: kinabeba kwanza vinavyobebeka haraka, kinaruka palipokwama, kisha kinarudi kwenye magumu baadaye ikiwa bado kuna nafasi. Kila kilichosomwa kinaandikwa kwenye faili dogo la ramani, kwa hiyo ukisimama leo unaendelea kesho pale pale ulipoishia.

Gharama yake ni kwamba kinataka utulivu wako. Kinatumika kwenye Linux, kwa kuandika amri. Huhitaji kuisakinisha Linux. Weka SystemRescue, Linux ya uokoaji inayowaka kutoka kwenye flashi, kwenye flashi yako, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na ddrescue utaikuta humo tayari pamoja na TestDisk na PhotoRec. Pia unahitaji diski nyingine yenye nafasi isiyopungua ukubwa wote wa diski mbovu, hata kama data zako ni robo yake tu. Na diski hiyo ya kupokelea isiwe imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa mafaili, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na nakala yako itagonga mwamba baada ya dakika chache.

Ukishawasha, andika `lsblk` uone diski zimepewa majina gani. Zitambue kwa ukubwa wake. Mimi huziandika kwenye karatasi: mgonjwa ni sdb, mpokeaji ni sdc. Kisha, ukiwa ndani ya folda ya diski ya kupokelea:

`ddrescue -n /dev/sdb nakala.img ramani.map`

Mzunguko huo wa kwanza unachukua yale mepesi. Ukiisha, wa pili unarudi kwenye mabaki:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img ramani.map`

Mgonjwa anatangulia, mpokeaji anafuata. Ukizigeuza na kuelekeza uandishi kwenye diski ya mgonjwa, unafuta ulichokuja kuokoa, ndiyo maana nakwambia habari ya karatasi. Mimi husoma amri kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa diski ya mwalimu, mzunguko wa kwanza ulichukua saa sita na kuleta asilimia 98. Usiku ule umeme ulikatika, laptopu ikaendelea kwa betri mpaka ikazima. Asubuhi nilirudisha amri ile ile bila kubadili herufi, ikaendelea. Asilimia iliyobaki ilichukua siku mbili, na mwishowe zilikosekana kama GB 1.5 kati ya 500. Diski ilipofika hapo ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kukwaruza. Kama saa zile sita za mwanzo zingeliwa na skani, sidhani kama tungepata nusu.

Tofauti ya muda inategemea sana mlango wa USB. Diski ya TB 1 yenye afya ikipita kwenye USB 2 kwa MB 30 kwa sekunde inataka zaidi ya saa tisa; kwenye USB 3 kwa MB 100 inataka kama saa tatu. Kwa hiyo adapta ya USB 3 si anasa. Kwa diski inayohesabu saa zake za mwisho, ni moja ya vitu vichache unavyoweza kuinunulia.

Jambo moja tena kabla hatujaondoka hapa. Usikimbilie `chkdsk /f`, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Kazi yake ni kuufanya mpangilio wa mafaili ukubaliane na wenyewe, hata kwa kutupa au kukata visivyoeleweka. Inaandika kwenye diski, na diski mbovu haitakiwi kuandikwa chochote.

Nakala ikishapatikana: DMDE, TestDisk au PhotoRec?

Ukishakuwa na faili la nakala, unaweza kujaribu programu zote upendazo bila hofu, maana nakala haichoki.

TestDisk ni ya kwanza kuijaribu ikiwa diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili au tatu, kama C na D, na zote zimetoweka. Inatafuta mipaka ya zamani na kukuonyesha mafaili yaliyomo, unayanakili. Ni ya bure kabisa, ingawa inaendeshwa kwa vitufe vya mishale tu, na wengi huiogopa kwa sura yake.

DMDE ndiyo niliyoitumia kwa mwalimu. Inafungua nakala, inajenga folda upya, na majina yanabaki kama alivyoyaandika mwenyewe: Kidato cha Nne, Alama Muhula wa Pili, Mitihani ya Majaribio. Toleo la bure linakuruhusu kuokoa mpaka mafaili 4,000 kutoka kwenye folda moja kwa kila safari. Kwa mtu mwenye folda za kawaida, hiyo inatosha bila kulipa chochote.

PhotoRec, ndugu yake TestDisk, zote zikiwa kazi ya Christophe Grenier, nenda nayo mwisho. Haijali mpangilio wa folda hata kidogo. Inapitia nakala ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili ya aina zaidi ya 480, na kila inachokipata inakipa jina la namba. Utapata picha zako, lakini utazipata kwenye folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2, kila picha ikiwa na jina kama f0283648.jpg, picha za harusi ya dada zimechanganyika na vipande vya matangazo vya intaneti. Picha hutoka vizuri. Video kubwa huumia mara nyingi zaidi, kwa sababu vipande vyake vinaweza kuwa vimetawanyika na PhotoRec haina njia ya kujua kipande gani kinafuata kipi. Hata hivyo nimeshaona mama wa watu akilia kwa furaha mbele ya folda la majina ya namba, kwa hiyo siidharau.

Vipi zile za kulipia, R-Studio na wenzake? Ni nzuri, hasa kwa diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, au zilizoharibika vibaya mpangilio. Fanya hivi: zifungue kwanza bure juu ya nakala, uone kama zinaonyesha mafaili yako na kama picha zinafunguka kwenye dirisha la kuchungulia. Usilipie ahadi, lipia faili ulilokwisha kuliona.

Kubadilisha vifaa

Kwa diski iliyo kimya, anza na vya bei ndogo. Badili kebo. Badili mlango wa USB, uchomeke nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya mbele. Eksteno nyingi ndani yake ni diski ya kawaida ya SATA (kiunganishi kinachotumika ndani ya kompyuta) iliyovalishwa kasha, na ikiharibika bodi ndogo ya kasha, diski yenyewe ni nzima. Adapta ya SATA kwenda USB ya kwangu niliinunua kwa shilingi 25,000 na imeshafufua diski ambazo wenyewe walikuwa wanakaribia kuzitupa.

Lakini angalia kabla ya kubomoa kasha. Baadhi ya eksteno, kama nyingi za My Passport za Western Digital, zina mlango wa USB uliochomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hakuna SATA ndani. Na baadhi hufunga data kwa usimbaji unaofanyika ndani ya kifaa chenyewe, hivyo kuhamishia kwenye adapta nyingine kunakuonyesha fujo tupu.

Kosa la chaja nalo nalikuta sana. Diski kubwa za mezani hutumia chaja ya volti 12. Mtu anachomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwa sababu pini imeingia. Bodi za diski nyingi zina diodi ndogo ya ulinzi ambayo hujitoa mhanga ili vilivyobaki vipone. Fundi wa vifaa vya umeme mwenye mita anaweza kuipima, na ikiwa imeshoti, kuitoa. Diski huzunguka tena na unachukua nakala saa hiyo hiyo. Ni moja ya matengenezo ya bei ndogo kabisa yanayorudisha kila kitu.

Kubadili bodi nzima kutoka diski nyingine ya aina ile ile ni ushauri wa zamani. Siku hizi kila bodi ina chipu yenye vipimo vya diski yake peke yake, na bodi mgeni bila chipu hiyo haisomi kitu, au inavipeleka vichwa vibaya. Chipu inaweza kuhamishwa na fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea. Asiyeijua habari ya chipu hiyo, usimpe.

Kuhusu kuweka diski kwenye friza: usifanye hivyo. Unyevu unaganda ndani yake na kuyeyuka juu ya sahani, pale pale ambapo kichwa kinaelea kwa nanomita chache. Kupiga kofi ni hivyo hivyo.

Fundi wa mtaani na maabara

Mafundi wetu ni hodari, na kwa matatizo ya kasha, chaja, diodi, au programu, sioni sababu ya kumtuma mtu mbali. Wapo Kariakoo, wapo Msamvu, wapo kila mji. Kinachotofautisha fundi na maabara ni jambo moja: kufungua kifuniko cha diski. Maabara hufanya hivyo chini ya hewa iliyochujwa, ikiwa na diski pacha ya kutolea vichwa, na vifaa kama PC-3000 vya kuzungumza na diski kwa lugha yake ya ndani. Diski pacha hiyo lazima ilingane kwa modeli na mara nyingi hata kwa mambo madogo yaliyoandikwa kwenye lebo. Vichwa vipya havirudishi uzima. Vinakaa muda wa kutosha kuchukua nakala, basi.

Kwa hiyo mtu akikwambia atakufungulia diski ya tak-tak hapo hapo kwenye meza yake, ichukue diski yako kwa upole uondoke. Muulize maswali haya kabla hujaiacha: utaifungulia wapi? Utaanza kwa kuchukua nakala? Nikikosa data nalipa nini? Kampuni nyingi za kazi hii hazitozi gharama ya uokoaji zikishindwa, ingawa diski pacha au uchunguzi vinaweza kulipiwa. Anayeijua kazi hatakasirika kuulizwa.

Bei ndiyo inayouma. Diski ikihitaji kufunguliwa, tarajia mamia ya dola, na mara nyingine inapita elfu moja. Kampuni za namna hii zipo Nairobi, Johannesburg na Dubai, na wapo wanaotuma diski kwa wasafiri. Uwezo wao ni wa kweli. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliposambaratika tarehe 1 Februari 2003, diski iliyobeba matokeo ya jaribio la kisayansi iliokotwa Texas ikiwa imeungua kiasi cha kutotambulika. Wahandisi wa Kroll Ontrack walisafisha sahani zake, wakazihamishia kwenye diski nyingine, wakapata karibu data zote. Matokeo ya jaribio lile yalichapishwa mwaka 2008. Kilichosaidia ni kwamba sahani hazikuwa zimepinda, na palipokwanguka palikuwa bado hapajaandikwa data. Diski iliyoanguka kutoka angani ilipona. Iliyoanguka kutoka mezani na kuwashwa mara thelathini inaweza isipone.

Kama ni SSD, au imefungwa kwa BitLocker

Kwa SSD, diski isiyo na sahani wala vichwa bali chipu tu, ulinganisho mwingi hapo juu hausaidii. Faili likifutwa, amri iitwayo TRIM huiambia SSD isafishe sehemu hiyo, na mara nyingi baada ya muda mfupi hakuna cha kuokota. Izime kompyuta mara moja, lakini usijipe matumaini makubwa. SSD iliyozima ghafla bila kutambulika ni kazi ya maabara tu.

Laptopu nyingi za Windows za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, bila mwenyewe kujua. Nakala utaipata, lakini bila ufunguo wa tarakimu 48 haina maana. Ufunguo huo kwa kawaida upo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu. Utafute kabla hujaanza, maana bila huo hata maabara itakurudishia mikono mitupu.

Wawili wale

Mwalimu alilipia diski mpya ya TB 1 na muda wangu kidogo. Mafaili kumi na moja hayakufunguka, mengi yakiwa video alizopakua. Alama za wanafunzi zilikuwepo zote. Alifungua moja baada ya nyingine nikiwa nimesimama nyuma yake, akikagua majina kwa kidole.

Kwa mpiga picha, nilimwekea hesabu mezani. Ndani ya ile eksteno kuna harusi nne. Mbili alikuwa ameshazikabidhi kwa wenyewe, kwa hiyo tuliwapigia simu na wakamrudishia nakala kwenye flashi. Ya tatu, mchukua video mwenzake alikuwa na sehemu kubwa. Ya nne haiko popote isipokuwa kwenye sahani zile. Hana fedha ya maabara leo, na nilimwambia jambo ambalo hakutegemea kulisikia: unaweza kusubiri. Diski isiyowashwa haiendelei kujikwangua. Iweke pakavu, mbali na joto, mpaka fedha ipatikane.

Tuliifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye vipakiti vya kufyonza unyevu vilivyotoka kwenye boksi la viatu, tukaizungushia kitambaa, na yeye mwenyewe akaandika juu kwa kalamu nene: USIWASHE. Iko kwenye kabati la mama yake, Kihonda, na kila mwezi anaweka pembeni kidogo.